Firigisi na Kantri ya Jumapili

Bwanangu alikuwa akishughulikia karatasi za malori mpakani Namanga, mimi nikabaki Kitengela kwenye nyumba ya kupanga. Tulikubaliana atakuwa akirudi kila Jumapili. Basi kila Jumapili nilichinja kuku. Kwetu magharibi mwa Kenya firigisi ni ya baba wa nyumba. Mwanamke haigusi hata akiwa na njaa ya kufa. Niliiweka kwenye bakuli, nikafunika, nikawasha redio.

Alasiri redio ilikuwa ya kantri, zile nyimbo za Kiingereza za Wamarekani. Niliwapenda waimbaji akina mama wa zamani, na katika nyimbo zao wote walikuwa wakisubiri. Huyu anamsamehe mlevi, yule anapasha chakula tena. Niliimba nao, nikijiona mke mwema. Mjinga mimi!

Aliyeniletea maziwa alikuwa mama mmoja Mmaasai, nikimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kwa heshima. Kiingereza hakujua.

“Huyu analilia nini?” aliniuliza, akionyesha redio.

“Bwanake hajarudi.”

“Na yule wa Jumapili ile ingine?”

“Pia wake hajarudi.”

Alicheka mpaka shanga zikagongana. “Kwani hawa wako na wimbo moja tu?”

Niliudhika, nikaongeza sauti ya redio. Alikuwa ameshaliona bakuli.

Miaka ikaenda. Maghorofa yakaota Kitengela, na bwanangu akawa anakuja mwisho wa mwezi, halafu Krismasi tu. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyeniambia: ana nyumba nyingine huko Namanga, na mtoto ameshaanza kutembea. Bado nikaendelea kuchinja. Ungeniuliza kwa nini, ningekutusi.

Redioni nako mambo yakageuka. Wakaja wasichana wenye sauti kavu, wamechoka kusamehe, wanafunga virago na kuwasha gari. Mwanzoni niliwazima. Hawana adabu hawa, nilisema kwa sauti, peke yangu jikoni. Upweke ni mbaya jamani, unakufanya ugombane hata na redio.

Jumapili moja Yeyo aliingia kabla sijazima. Akakaa, akasikiliza.

“Huyu naye bwanake hajarudi?”

“La. Huyu ndiye ameenda.”

Safari hii hakucheka. Alinitazama, akatazama bakuli.

Nikalifunua. Nikaikata firigisi vipande viwili, nikamsogezea kipande kimoja.

“Sisi Wamaasai hatukuli ndege,” akasema. “Maliza wewe.”

Ilikuwa imepoa, ngumu kama soli ya kiatu. Nilitafuna huku machozi na kamasi vikinishuka, na yule msichana akiimba. Nikamaliza yote.