Kizuizi cha Ndoa ya Avelina

Gozbert alikuwa fundi cherehani wa Temeke, mtu wa Bukoba, na alikuwa na wivu. Nayataja yote pamoja kwa kuwa ndivyo mtaa ulivyomjua. Alimpenda Avelina, binti wa mwalimu Gaudens, lakini alisitasita kuposa hadi Revelian, karani wa bandarini, akamtangulia. Tangu hapo, Avelina akipita anacheka, Gozbert alikanyaga cherehani kana kwamba anamkanyaga mtu.

Mwaka huo, 1951, Revelian akamletea kitambaa cha suti ya harusi. Nilikuwapo barazani kwake, mimi kijana wa mtaa huo.

"Nipime vizuri, fundi. Usije ukanibana kwa chuki."

"Demetria hajambo?" Gozbert aliuliza, futi ya kupimia ikiwa kifuani pa bwana harusi.

Revelian alinitupia jicho, akacheka. Demetria alikuwa mkewe; walifunga ndoa kanisani kwao Bukoba. Gozbert aliimba kwaya siku hiyo. Padri wetu aliambiwa Revelian hajaoa.

"Ya Bukoba yako Bukoba, bwana. Kila mji una ukweli wake. Tena ukisema, nani atakuamini? Watu wote wanajua kijicho kinakuunguza."

Gozbert alikuwa ameshika pini mdomoni. Aliendelea kupima.

Kauli ya namna hiyo, kwamba kila mtu ana ukweli wake, niliisikia sana chuoni. Wenzangu waliiona ni elimu. Mimi naiita woga uliovaa tai. Kama Kristo ni kweli, ni kweli Bukoba na Temeke. Lakini Gozbert hakubabaishwa na Revelian, alibabaishwa na moyo wake mwenyewe.

"Nikisema," aliniambia, "sisemi kwa ajili ya Mungu. Nataka tu asimpate."

"Kwani Demetria si mke tena kwa sababu wewe una wivu?" nilimuuliza kwa ukali.

"Hujapenda bado, mdogo wangu. Nyamaza."

Jumapili ya tangazo la tatu la ndoa, padri alisoma majina, akataka ajuaye kizuizi aseme. Gozbert akasimama. Watu wakaguna. Yustina, shangazi yake Avelina, hakujizuia: "Haya, leo wivu nao umekuja kusali!"

"Kweli, mama, nina wivu," alisema Gozbert. "Ningefurahi hata akivunjika mguu. Lakini ana mke, anaitwa Demetria, na walifunga ndoa mbele ya macho yangu. Baba padri, kwa wivu nihukumu mimi. Hilo jingine muulize yeye."

Padri alimuuliza. Revelian akaanza kueleza habari za umbali, miaka ya kutengana, na maisha ya mjini.

"Nimeuliza kama unaye mke."

Hakusema hapana.

Nje, Avelina alimfuata Gozbert, macho makavu kabisa.

"Umejua tangu lini, kaka Gozbert?"

"Tangu kabla hajakuposa."

"Ukanyamaza, hadi nimeaibika mbele ya kanisa zima."

"Niliogopa kwamba ni wivu tu."

"Ulikuwa wivu."

"Ndiyo."

"Basi usidhani utanipata mimi."

"Sidhani," alisema Gozbert.

Huo ndio uongo pekee aliousema siku hiyo. Avelina aliujua, akageuka akaenda zake, na Gozbert akabaki akimwangalia kila mwanamume aliyemwamkia Avelina njiani.