Saa yenye uso ulioinama

Shangazi yangu alishuka kwenye mashua ya Moba akiwa bado na kitambaa cheusi cha matanga kichwani. Tulikuwa tumemzika babu kule Kirungu, mimi nikatangulia kurudi Kalemie kwa sababu ya kazi yangu ya uuguzi. Tulipofika nyumbani alifungua ncha ya kitenge chake, akatoa saa ya mkono.

"Papa alisema hii ni yako," akaniambia, akimaanisha baba yake, babu yangu. "Sababu wewe njo unauliza-uliza."

Ni kweli, nilikuwa na tabia hiyo. Lakini saa hiyo sikuwahi kuishika. Ilikuwa ya dhahabu, mraba uliolainishwa pembe, mfano wa mto mdogo wa kulalia. Kitufe cha kuitia ufunguo hakikuwa ubavuni, kilikuwa kwenye pembe ya juu. Na uso wake, mweupe uliogeuka rangi ya maziwa ya chai, ulikuwa umeinama. Kumi na mbili haikukaa juu. Ilikuwa imeteremka upande wa kulia, mahali ambapo saa nyingine zinaweka moja na mbili. Namba zote zilikuwa zimeifuata.

Mume wangu aliigeuza-geuza. "Imeanguka hii. Uso umezunguka ndani."

Nikaipeleka kwa fundi wa saa, mzee mwenye kibanda karibu na soko. Aliifungua, akainama juu yake muda mrefu mpaka nikaanza kuogopa.

"Mama, haijaharibika," akasema. "Tazama, uso umeshikwa na vijiti, hauwezi kuzunguka. Waliitengeneza hivi. Na ni dhahabu ya kweli, kitu cha matajiri wa zamani."

"Sasa kwa nini waliipinda?"

"Hapo umenishinda. Labda mwenyewe alikuwa na shingo ya kupinda." Tukacheka wote wawili.

Nikaanza kuivaa. Kazini haikunisaidia, kwa kuwa haina mshale wa sekunde, na mimi napima mapigo ya moyo siku nzima. Wenzangu walikuwa wanashika mkono wangu na kuugeuza, kila mmoja akitafuta saa ngapi. Mimi nilizidi kujiuliza. Muntu analipa dhahabu yote hii, halafu anakubali kitu cha upande?

Jibu lilinipata barabarani. Nilikuwa naendesha pikipiki yangu kutoka Lubuye, asubuhi, mikono miwili kwenye usukani. Nikashusha macho kukwepa shimo, nikaiona saa. Ilikuwa imenyooka. Kumi na mbili juu kabisa, sita chini, kila namba mahali pake. Nikainua mkono, ikainama. Nikaurudisha, ikanyooka. Nilisimama kando ya barabara, nikarudia na kurudia, mpaka mama mmoja wa kuuza samaki akaniuliza kama nimeumia mkono.

Jioni nilimwendea shangazi jikoni. "Babu alikuwa anaendesha gari?"

"Papa? Hata kinga ilimushinda!" Kinga ni baiskeli. "Gari alipanda ya kubebwa tu."

Nikamweleza nilichokiona: saa hii ilitengenezwa isomwe mikono ikiwa kwenye usukani. Aliacha kusonga bukari, ugali wetu, akakaa.

"Basi ni ya Mugiriki," akasema polepole. "Zamani, mimi nikiwa mutoto, kulikuwa na Mugiriki anapanda milimani na kamionete yake kununua maharagwe. Siku moja iliteleza kwenye kona, ikapinduka. Papa na wenzake walimutoa na mguu umevunjika. Wakamubeba kwa tipoye, kile kiti cha kubebwa mabegani, njia za miguu, mpaka Moba. Pale mashuani alivua saa, akamuvalisha Papa. Hakurudi tena."

"Na babu hakumuuliza kwa nini iko hivi?"

"Yule analia na mguu, utamuuliza saa?"

Alitaka kuona mwenyewe. Nilimfunga saa mkononi, nikamkalisha kwenye pikipiki iliyosimama uani, mikono usukani. Alitazama. Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo hayakuisha haraka. Nilimshika bega. Alikuwa bado mwezini mwa matanga.

Alipotulia, aliivua, akaigeuza kupangusa jasho kwa ncha ya kitenge. Nyuma yake, chini ya uchafu wa miaka, zikatokea herufi mbili zilizochongwa kwa mkono, moja imelika nusu. Tuliipeleka saa mlangoni penye mwanga. Mimi nilisoma K, yeye akasema ni R. Ya pili hatukuiweza kabisa. Jina la yule mtu babu hakuwahi kulijua. Alimwita Mugiriki tu, na Mugiriki naye alimwita Papa, kama watu wa huku wanavyoita kila mwanamume.

Kesho yake nilirudi kwa fundi kuomba kioo chake cha kukuzia.