Branchi ya Ubatizo Kiamunyi

Mtoto wetu wa kwanza alibatizwa katika ibada ya asubuhi, na shida ilianzia hapo. Ibada hiyo ikiisha, saa ya chai imeshapita na saa ya chakula cha mchana bado iko mbali. Mimi na mume wangu tulikaa jikoni kwetu Kiamunyi tukijiuliza tutawapa nini watu wa familia mbili nzima, wazee kwa watoto, saa kama hiyo. Mume wangu akasema tuwape branchi, mlo mmoja wa kuunganisha chai na chakula cha mchana. Aliwahi kula moja kwenye hoteli mjini, wakiwa na mkutano wa kazi, na tangu siku hiyo alikuwa akiitaja kama mtu aliyerudi kutoka Yerusalemu.

Tukapanga. Mayai ya kukoroga yenye nyanya na hoho, soseji, viazi vya kukaanga vilivyonyunyiziwa dania, chapati za maji na asali, nanasi na ndizi, uji wa wimbi, chai ya kutosha. Mimi nilitaka kuongeza maharagwe. Mume wangu akakataa, akasema maharagwe yakionekana tu, watu wataanza kuuliza mchele uko wapi. Nikaona ana akili.

Ikabaki kuwaambia mama zetu.

Mama yangu anaishi Subukia na ng'ombe wake na mahindi yake, na kwake mgeni hajala mpaka ale mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi na majani ya malenge. Alinisikiliza kwenye simu hadi mwisho, kisha akaniuliza polepole kama hiyo branchi ni chai ama ni chakula. Nikamwambia ni vyote viwili. Akataka kujua basi, watu wakishamaliza hiyo branchi, chakula chenyewe kitaletwa saa ngapi.

Kwa mama mkwe nilimtuma mume wangu. Wao wanakaa hapa hapa Nakuru tangu enzi za babake kufanya kazi ya reli, lakini jiko lao halijawahi kuhama kutoka kwao magharibi, kwenye ugali na kuku. Mume wangu, kwa utundu wake, badala ya kumweleza mamake taratibu, alimwambia kwamba siku hiyo ugali umepigwa marufuku. Alirudi nyumbani akicheka. Mimi sikucheka. Kwao, ukimpa mgeni wa ubatizo yai badala ya kuku, ni kama umemwambia arudi alikotoka.

Nikangojea vita. Lakini wiki hiyo yote mama hao wawili walikuwa wapole ajabu. Mama yangu alinipigia simu mwenyewe, akasema, "Pika tu vile umepanga, mama. Siku ni yako." Huyu ni mama ambaye hajawahi kuniachia hata nichague rangi ya mapazia ya nyumba yangu. Ningepaswa kushtuka pale pale. Mimi nikafurahi.

Jumapili ikafika, mtoto akamwagiwa maji, akalia kidogo, tukarudi nyumbani. Tulikuwa tumesimamisha hema uani, meza zimetandikwa, kila kitu kinang'aa. Padri akakiombea chakula kwa maneno mengi mazuri. Watoto wakazivamia chapati za maji kama nzige. Wazee nao walichukua yai kidogo, wakaligeuzageuza kwenye sahani, wakaliacha. Baba mkwe akasema tumbo lake haliko sawa. Shangazi yangu akasema amefunga. Nikamuuliza ni mtu gani anafunga siku ya ubatizo, akaniambia ni nadhiri ya zamani, nisiulize zaidi.

Kisha wakaanza kutoka, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyeinuka alisema anaenda kumsalimia jirani. Jirani huyo ni mama mjane anayefuga kuku nyuma ya ua wetu wa miiba ya kayaba, na sikuwahi kujua ana marafiki wengi hivyo upande wa Subukia.

Baba mkwe ndiye aliyeharibu mambo. Alirudi kutafuta chai, na masharubu yake yalikuwa yanang'aa mafuta. Nikamuuliza tumbo linaendeleaje. Akasema limepoa. Wakati huo huo upepo ukageuka, nikasikia harufu ya kuku wa kienyeji na moshi wa kuni. Sisi tulikuwa tumepikia gesi.

Nilipita mlango wa nyuma nikazunguka ua. Chini ya kibanda cha mabati cha jirani, mama mkwe alikuwa anasonga ugali, leso imefungwa kiunoni. Kando yake mama yangu alikuwa anapakua mukimo kutoka kwenye sufuria kubwa iliyoviringishwa blanketi. Blanketi hilo nililiona asubuhi kwenye buti ya gari lililomleta, nikadhani ni zawadi ya mtoto. Tangu harusi yetu, wanawake hawa wawili walikuwa wakiongea kwa adabu tu, kama watu wanaosubiri daktari kwenye benchi moja. Sasa mama yangu alikuwa anamwonjesha mwenzake mukimo kwa kijiko chake mwenyewe. Na kwenye benchi, mahali pa heshima, alikaa padri wetu, ameshika firigisi. Mkono wake ukasimama kabla haujafika mdomoni.

"Hata mimi nimeitwa tu," akasema.

Mama mkwe hakuacha mwiko. "Lete kiti ukae, mama," akaniambia. "Umesimama tangu asubuhi."

Niliwauliza kwa nini hawakuniambia. Mama yangu akanijibu bila haraka kwamba wangeniambia ningekataa, ningekataa tungegombana, na ubatizo si mahali pa kugombana. Alisema hivyo kama mtu aliyeniondolea mzigo.

Hasira nilikuwa nayo, lakini kicheko nacho kilikuwa kinanijia, na yule kuku alinukia vizuri kupita kiasi. Sikukaa. Nilirudi kwetu kimya kimya, nikamwambia mume wangu abebe soseji na mayai, mimi nikabeba chapati za maji zilizobaki. Kisha nikawaambia watoto wote, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba kwa jirani kuna kuku.

Tuliingia lango la jirani kama maandamano, watoto mbele, sisi na masinia nyuma. Karamu iliyopikwa kwa siri kwa ajili ya wazee wachache ikavamiwa na familia mbili. Kuku akaisha kabla ugali haujazunguka wote. Mama yangu, aliyekuwa akipakulia wengine muda wote, alichungulia ndani ya sufuria akakuta mchuzi tu.

Basi nikamletea sahani ya branchi yangu. Nikamletea na mama mkwe yake. Nikasimama pale pale mbele yao. Mama yangu alichukua chapati ya maji, akaweka mukimo ndani na soseji juu, akaikunja, akauma, akatafuna huku akiangalia kuku wa jirani. Mama mkwe alimtazama, naye akafanya vile vile. Baadaye, bila kunitazama, aliniuliza kama hizi chapati nimekorogea maji ama maziwa. Nikamwambia maziwa. Mama yangu akadakia kwamba ni ya ng'ombe wake.

Tulikaa kwa jirani hadi jioni. Chini ya hema letu watu wa familia mbili walikuwa wamekaa kila mmoja upande wake, lakini huku mabenchi yalikuwa machache, kwa hivyo watu walibanana bila kuuliza nani ni wa nani. Baba mkwe alilala kwenye kiti na mtoto kifuani.

Siku chache baadaye nilimpigia mama yangu simu, nikakuta laini yake inatumika. Nikampigia mama mkwe. Yake pia ilikuwa inatumika. Nikapika chai, nikanywa, nikajaribu tena. Bado walikuwa wanaongea.