Nilimlilia Madam Hanan Akiwa Hai

Aibu hii binti yangu Rukia ameificha vya kutosha, sasa wacheni niiseme mwenyewe, maana imeshazeeka kama mimi.

Zamani nilifanya kazi za ndani Jidda, mtaa wa Al-Safa, kwa Madam Hanan, pamoja na Saumu wa Kwale na Njeri wa Nyeri. Madam alimpenda mwimbaji mmoja wa jazi, mwanamke wa Norwei (mimi majina hayanipotei, lakini lake lilinishinda kulitamka), na kila kanda yake mpya ikitoka nyumba nzima lazima tuisikie, ngoma, piano, tarumbeta, nami napiga pasi huku nikitikisa mabega.

Miaka michache iliyopita nikarudi huko kwa umra, nikafikia kwa Rukia, Jidda, nikasikia Madam amehamia Riyadh na anaumwa sana, basi Rukia akanikatia tiketi nikamuage. Nikapanda ngazi za jengo lake peke yangu, na kabla sijagonga nikasikia ndani sauti ya mwanamke, haina ngoma wala maneno, inapanda, inakatika, inarudi chini kama ya mtu aliyeishiwa machozi. Nikajua nimechelewa. Badala ya kugonga nikatoa simu (kuandika sijui, mimi huongea tu), nikawatumia kina Saumu kwenye kundi letu, "Madam Hanan ametutoka!", kisha nikaketi pale kwenye ngazi nikaangua kilio hadi milango ya majirani ikafunguka.

Wa mwisho kufunguka ulikuwa wake. Amesimama na mkongojo, amebaki macho tu.

"Mama Rukia? Nani kufa?" (Kiswahili chake cha jikoni tulimfunza sisi.)

"Wewe, madam."

Majirani wakacheka. Madam akanivuta ndani, akanionyesha spika. "Ni yule yule wa Norwei," akaniambia kwa Kiarabu. "Kila kanda anaacha kitu. Aliacha ngoma, akaacha piano, sasa ameacha na maneno."

Nikashika simu haraka niwaambie nimekosea, nikabonyeza pasipostahili, majibu yao ya sauti yakaanza kusema yenyewe, moja baada ya jingine, kwa sauti kubwa.

Njeri: "Pole mama, lakini kwangu machozi mafi, hakuna, yaliisha jikoni kwake."

Saumu: "Halas, basi tena. Alininyima ruhusa ya kwenda kumzika mama yangu. Mungu amsamehe, mimi sijaweza."

Nilitamani sakafu inimeze. Madam alielewa yote. Akakaa polepole, na yule Mnorwei bado anaendelea.

"Mpigie Saumu," akasema. "Nimwombe."

Nikapiga, ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, Madam mwenyewe ameishika simu sikioni. Nikatuma na sauti, kwamba yu hai, ni mimi sikugonga mlango, anakuomba radhi, pokea. Hakupokea. Nikamwachia Madam namba ya Saumu, nikarudi Jidda nimemwacha ameiangalia simu yake.

Mwezi haukuisha, Rukia akaniletea habari, akaapa ni za kweli. Nikawatumia tena. Saumu akajibu:

"Safari hii umegonga mlango?"

Nikamwambia, mwanangu, ameshazikwa.

Kisha ikaingia sauti yake nyingine, ndefu, haina neno hata moja, inapanda, inakatika, inarudi chini. Nikaisikiliza mpaka mwisho, na safari hii haukuwa muziki.

Nimeapa, nikisikia mtu analia ndani nitagonga kwanza, nitagonga mpaka atoke, ndipo nijue wa kumlilia.