Daftari Lililosomwa Kutoka Nyuma

Kwa miaka mingi nilikuwa nasema nitaandika nikipata nafasi. Nilisema hivyo watoto wangu wakiwa wadogo, nikasema tena walipoanza shule, nikasema tena nilipopata cherehani yangu na kuiweka kibarazani kwetu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, ambapo kila anayepita lazima asimame aulize bei ya kupunguza suruali, hata kama hana suruali ya kupunguza. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa limeumia vya kutosha.

Nilichotaka kuandika kilikuwa kimoja tu: kaka yangu. Mama yangu, ambaye ninaishi naye mpaka leo, alikuwa na mtoto wa kiume kabla yangu. Siku tuliyokimbia Bukavu, kule Kongo, tukiwa tayari tumeshika njia ya Uvira, kaka aligeuka akarudi nyumbani kuchukua karatasi. Hatukumwona tena. Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi wa mbao anayeanza, mwenye mikono mikubwa na mdomo mkubwa zaidi. Nilitaka kumwandika awe mtu, kwa sababu katika familia yetu alikuwa amebaki sentensi mbili.

Sentensi hizo ziko kwenye istwari yetu. Asiyeishi maisha haya nimweleze: istwari ni yale maelezo ya jinsi ulivyokimbia, unayoyatoa kwenye ofisi ya wakimbizi kila unapoitwa kuhojiwa. Ulichosema mara ya kwanza ndicho utakachosema mara ya nane. Ukisema ilikuwa asubuhi, ibaki asubuhi. Ukiongeza hata mbuzi ambaye mwanzo hakuwepo, faili lako linaweza kulala miaka. Ndiyo maana watu huiandika kwenye daftari na kuikariri kabla ya kuitwa, kama watoto wa katekisimu. Yetu niliiandika mimi, mama akinitajia, na habari ya kaka ilikuwa hivi: "Mtoto wangu wa kwanza alirudi nyumbani kuchukua karatasi. Toka siku hiyo hatujamwona." Haikusema karatasi za nani.

Zilikuwa zangu. Zilikuwa buletini zangu, zile karatasi za matokeo ya shule. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, wa kwanza darasani, na mwalimu alikuwa ametuambia kwamba asiye na buletini huanzishwa upya darasa la kwanza popote aendako. Nililia njia nzima, nililia mpaka kaka akageuka. Mama hakuwahi kuligusa jambo hilo, nami sikuwahi kuligusa, tukaishi nalo hivyo nyumba moja.

Basi mwaka juzi nafasi ikaja. Dada mmoja wa kanisa letu anayekaa Area 25, kule Lilongwe, alisafiri, akaniomba nimlindie nyumba siku nne. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Nyumba ina meza, ina mlango unaofungwa, haina mama wala mteja. Nilipitia soko la Tsoka kununua nyuzi na vifungo, nikajinunulia na daftari la jalada gumu, kwa bei ambayo sitaitaja, maana mama anaweza kusomewa hata haya.

Siku ya kwanza nilifagia nyumba. Siku ya pili nilifagia tena. Siku ya tatu nilikaa mezani nikaandika: "Mimi, mtoto wa pili katika familia ya watoto wanne, naeleza kwamba..." Nikafuta. Nikaanza upya, ikaja "majirani waliokuwepo ni mashahidi". Kaka yangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa, alikuwa anadokoa sambaza, dagaa wa kwetu, kwenye sufuria kabla hazijaiva, na mimi nilikuwa namwandikia ripoti! Kila neno lilipotaka kutoka, mtu fulani kichwani mwangu aliuliza: uliona kwa macho yako? Ilikuwa saa ngapi? Mbona mara ya kwanza hukusema? Nilijichukia. Nikarudi Dzaleka na nyuzi, vifungo, na daftari jeupe.

Kilichonifungua ni maji. Kwenye mjigo, ndivyo wenyeji wanavyoiita pampu ya kisima, hupangi foleni wewe, linapanga bidoni lako, yaani dumu la maji. Unaliweka nyuma ya la mwenzako, unakaa kando, na kazi yako ni kulisogeza. Letu ni la njano, limefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono. Watoto wakishaenda shule niko pale saa nzima au zaidi, na kwa muda huo hakuna binadamu anayenidai chochote. Mama anajua niko majini, mteja anajua niko majini. Asubuhi moja nilikuwa nimebeba daftari la istwari, kwa sababu kurasa zake za nyuma ndizo nilizokuwa nikiandikia vipimo vya wateja. Nilikaa nikilitazama bidoni linavyonisubiria, nikaligeuza daftari juu chini, na chini ya kiuno cha mteja mmoja nikaandika: "Kaka yangu alifika Dzaleka siku ya soko, amenenepa."

Nikacheka peke yangu. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akageuka.

"Iko nini?"

"Hapana, mama. Iko bintu yangu tu."

Nimefikiri sana kwa nini ilikuwa pale na si Area 25. Daftari jipya lilinidai kitabu, la zamani halikunidai kitu, hilo ni kweli. Lakini lililo kubwa zaidi ni lile neno: amenenepa. Halikuwa kwenye faili. Hakuna ofisa ambaye angeweza kuniuliza niliona lini, kwa sababu sikuona, na kaka sikuwa naye. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema juu yake jambo ambalo sikuwahi kulisema, na hakuna kilichoharibika. Toka siku hiyo nikawa wa kwanza nyumbani kudai kwenda majini, mpaka watoto wakashangaa mama yao amepatwa na nini.

Kurasa zikaongezeka. Kaka akafungua karakana ya vitanda. Akagombana na mwenye kabaza aliyembeba kwa baiskeli hatua ishirini akadai nauli ya kilima. Akanitania kwamba cherehani yangu inakohoa kuliko yeye. Halafu siku moja, bila mimi kupanga, akatoa mfuko wa plastiki, ndani yake buletini zangu. "Shika karatasi zako," akaniambia. "Machozi yako ndiyo yaliyonirudisha, nikachelewa miaka yote hii." Nililia pale mjigoni. Mama mmoja akadhani nimerukwa foleni, akaanza kugombana na watu kwa niaba yangu.

Wakati huo ndipo mama alipoitwa. Namba yetu ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo: mahojiano, siku fulani, asubuhi. Tulikuwa tumeingoja karatasi hiyo miaka. Siku yenyewe nilikuwa namalizia sare za kwaya zilizotakiwa asubuhi ile ile, nikamwambia mama atangulie na jirani yetu, mwimbaji, nami nitawafuata. Mama hajui kusoma. Alichukua daftari la istwari kama alivyozoea, ili akumbushwe njiani. Na daftari lile lilikuwa limepoteza majalada yake zamani. Mbele na nyuma yake havikutofautiana.

Nilipofika niliwakuta kwenye benchi nje ya geti. Jirani alikuwa anasoma kwa sauti ile ile anayosomea matangazo ya kanisa, na foleni nzima imenyamaza. Alikuwa amefika kwenye zile buletini. Mama amekaa wima, mikono juu ya magoti, anamtazama msomaji mdomoni.

"Dada!" jirani akaruka aliponiona. "Mbona hamukutuambiaka kama kaka yenu alirudi? Bwana asifiwe!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama hakunitazama.

"Endelea kusoma," akamwambia jirani.

Lakini geti lilifunguliwa, wakaita namba yetu.

Ndani walimuuliza yale ya siku zote. Majina, kijiji, njia. Kisha: watoto wangapi, na wako wapi? Mama akatazama ukuta. Mkalimani akarudia swali. Mama bado anautazama ukuta, nami naogopa, kwa sababu kama angesema mwanawe amerudi, amenenepa, ana karakana ya vitanda, basi tumekwisha. Halafu akasema kwa sauti ya kila mwaka: "Mutoto wangu wa kwanza alirudi nyumbani kuchukua karatasi. Toka siku ile hatujamuona." Nikashusha pumzi. Papo hapo nikaona aibu, kwamba mama yangu amemzika mwanawe tena mbele yangu na mimi nilichokuwa nahofia ni faili.

Tulirudi nyumbani. Mama alilibeba daftari mwenyewe, akalitia chini ya godoro lake.

Wiki tatu sikuandika. Na angalieni, saa yangu ilikuwa pale pale, bidoni pale pale, na daftari la jalada gumu nilikuwa nalo, jeupe kama nilivyolinunua. Miaka yote nimelaumu nafasi. Sasa nafasi ilikuwepo kila asubuhi, nikawa naitumia kuhesabu vidole vyangu. Ruhusa ndiyo sikuwa nayo. Niliona nimemchezea mama kidonda chake mbele ya watu, na nilijua hakuna anayeweza kunipa ruhusa hiyo ila yeye.

Asubuhi moja, mama, ambaye kwa sababu ya magoti yake hafiki kabisa mjigoni, alitokea akitembea polepole, daftari mkononi. Akakaa karibu nami.

"Nisomee."

"Mama, hii haiko istwari. Hii ni..."

"Minajua haiko istwari. Istwari minaijua kwa kichwa. Nisomee ile yenye iko nyuma."

Nikasoma. Bidoni letu likafika mbele, watu wakalisogeza kando wakapita, hatukusimama. Nilifika kwenye buletini, nikaendelea mpaka mwisho. Mama akaweka kidole kwenye ukurasa, popote tu kilipoangukia.

"Apa iko buongo."

"Mama, yote ni ya kutunga..."

"Nasema apa. Umeandika ati alirudi juu ya machozi yako. Mi njo nilimutuma. We ulikuwa mutoto, ulikuwa unalia tu. Nilimuambia, rudi mbio, leta karatasi za mutoto. Alikataa mara mbili. Nikamukalipia."

Hakuwa amewahi kuyasema hayo, si ofisini, si nyumbani. Miaka yote nilidhani istwari yetu inaficha kosa langu, kumbe mama alikuwa anaficha la kwake. Nikamshika mkono, akauacha nikaushika kidogo, kisha akautoa.

"Futa," akasema.

Nikafuta. Juu ya mstari ule nikaandika: "Mama ndiye aliyenituma."

"Na ingine yote, mama?"

"Ingine yote iko sawa." Akaangalia maji yanavyomwagika kwenye ndoo ya mtu mwingine. "Ameoa?"

"Bado sijafika pale."

"Basi hata batoto haujamupa."

"Bado, mama."

"Mupe bawili," akasema. "Na usimutume kokote."