Picha za Shamba Langu

Ndugu zangu, nimejikasirikia hadi chakula hakipiti. Kikundi chetu cha wakulima wa vitunguu Mang'ola kilinituma Karatu na wenzangu wawili nikamshawishi mnunuzi mkubwa. Kwa uvivu wangu sikupiga picha hata moja. Nikaiagiza akili mnemba initengenezee slaidi, nikazipitia juujuu tu. Mjinga mimi! Tena mbele ya mnunuzi nikajigamba, "Picha zote nimepiga mwenyewe."

Slaidi moja akaikodolea macho. Wenzangu nyuma wakaanza kuguna.

"Dada, hili ni shamba lako kweli?" mnunuzi akauliza.

"Langu kabisa!" nikafoka, nimeudhika kwa kutoaminiwa.

"Basi twende sasa hivi," akasema. "Sijawahi kuona vitunguu vikining'inia mtini kama maembe."