Watu Wawili, Kibodi Moja

Nilifanya kazi miezi mingi hapa Bunia na mwenzangu mmoja, mbele ya kompyuta moja. Tulikuwa tunaunda programu ya kuandikisha familia zilizokimbia vita, ili zipate chakula. Mmoja anaandika, mwingine anatazama na kusema, kisha tunabadilishana. Shefu wetu, mkuu wa kazi, alisema ndivyo makosa yanavyopungua. Ni kweli, ila hakusema inavyochosha. Mwenzangu, mama mmoja wa Butembo, aliuliza sababu ya kila mstari. Jioni nilifika nyumbani sina hata neno la kumpa mke wangu. Nikachoka kutazamwa, nikamwomba shefu mashine yangu, kompyuta ya peke yangu.

Nikiwa bado naisubiri, niliandika amri: wenye jina moja, kijiji kimoja na mwaka mmoja wa kuzaliwa wahesabiwe kuwa mtu mmoja, wa pili afutwe. Katika kambi familia hizo zinamoishi wapo wanaojiandikisha mara mbili, kila mtu anajua. Mwenzangu akaweka mkono juu ya kibodi.

"Papa, kwetu jina inafwata kuzaliwa," akasema. "Mutoto mwanaume wa kwanza, kila nyumba iko na ile jina moja. Weye unafuta watu."

Nilibisha asubuhi nzima. Kwetu Djugu hatupeani majina hivyo, na hasira zilikuwa zimenipanda. Mwishowe akafungua orodha ya watu ambao amri yangu ingewaondoa. Kisha akanionyesha mmoja wao: kaka yake, anayeishi kambini na watoto wake. Tukaiondoa ile amri, wala hatukuzungumza tena siku hiyo.

Mashine yangu ikafika. Kimya nilichokitamani nikakipata, na kusema kweli nilikifurahia. Kabla ya saa sita nilikuwa nimemaliza amri nyingine, ya kuamua ni familia zipi zitangulie kupewa chakula. Niliiona iko sawa, lakini moyo haukutulia. Shefu alikuwa anaisubiri, na magari yalikuwa yanapakiwa. Nikamwita mwenzangu aje aitazame.

Hakuinua macho.

"Ni weye uliomba mashini ya peke yako," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuliko mimi. "Na miye niko na yangu ya kumaliza."

Nikaituma hivyo hivyo. Hadi leo sijui kama kuna aliyelala njaa kwa sababu yangu.